Lenzi Bapa na Densi ya Yaretzi

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, neno kwa neno, na asiyeamini aje hapa mjini Atlixco aniulize usoni. Ningeapa nimesimama, mkono juu, lakini magoti yangu siku hizi yanataka taarifa mapema. Kwa hiyo naapa nimekaa. Kiapo ni kiapo.

Mimi ni Fidencio, mpiga picha za harusi na za komunyo ya kwanza, mstaafu. Hakuna aliyenifundisha kazi. Kamera yangu ya kwanza niliipata kwa kubadilishana na jogoo, na nasikia jogoo yule aliishi muda mrefu kuliko kamera. Nimepiga picha maharusi wengi mno, kiasi kwamba nikikatiza sokoni wanawake huvuta tumbo ndani kwa mazoea, hata wale wenye wajukuu. Na kwa kubeba lenzi maisha yangu yote bega la kulia limeshuka, mpaka fundi wangu wa nguo hunishonea koti lenye mikono isiyolingana. Mwulizeni.

Nilipostaafu, wanangu walichanga wakaninunulia kamera ya kisasa, ile isiyo na kioo cha kurukaruka ndani, nyepesi kama kiberiti. Walinunua kamera tupu. "Lenzi unazo, baba," walisema. Ninazo, ndiyo. Iliyobaki nzima ni moja, ndefu, nzito kama mtungi wa gesi. Nilipoifunga kwenye ile kamera ndogo ikawa kama kifaranga aliyebebeshwa bomba la maji. Kamera ikainama yenyewe kutazama sakafu. Nikaitia kabatini, nikakaa kwenye kiti changu, nikasema basi, nimechoka, dunia ipigwe picha na wengine.

Ndipo Gonzalo akapiga simu.

Gonzalo ni kompadre wangu. Nilimsimamia ubatizo binti yake, Yaretzi, na kwetu ukishamsimamia mtoto wa mtu mmekuwa ndugu, mtaitana kompadre na komadre mpaka kaburini, hata mkinuniana. Yuko New York, jikoni mwa mgahawa, tangu Yaretzi hajaota meno. Mkewe Maricruz na binti wako huku, naye kurudi hawezi. Akitoka kule hatapata njia ya kuingia tena, na huku nyumbani paa, ada ya shule na dawa za bibi yake Yaretzi vyote vinamtazama yeye.

"Kompadre Fide," akasema, "Yaretzi anatimiza kumi na tano."

"Najua. Gauni nimeliona. Linahitaji nyumba yake peke yake."

"Maricruz anataka kuwaleta vijana wa studio kutoka Puebla, wale wenye kidude kinachoruka na kupiga picha angani. Nimemwambia hapana. Baba wa picha ni wewe."

"Gonzalo, bega langu..."

"Sitaki picha mia nne, kompadre. Nataka moja. Yaretzi akicheza densi yake. Niitundike juu ya kitanda. Ila niione kama mtu aliyesimama pale pale, umenielewa? Usinipigie kutoka juu. Mimi si malaika."

Nilitaka kukataa, haki ya Mungu. Lakini kwetu msichana akitimiza kumi na tano hufanyiwa sherehe kama harusi, na kila kitu cha sherehe kina mtu wa kukibeba, aitwaye baba au mama wa kitu hicho, na ukitajwa umetajwa. Kukataa ni kumwambia mtoto hadharani kwamba hana thamani. Nikasema sawa, nikakata simu, nikabaki nikiitazama ile lenzi ya mtungi wa gesi. Misa, kisha picha za bustanini, kisha chakula, ndipo densi. Siku nzima na ule mzigo shingoni, hiyo densi ingenikuta kwenye machela.

"Nunua ndogo," mke wangu Amparo akasema kutoka jikoni.

"Amparo, lenzi si sufuria."

"Sufuria kubwa nazo niliacha kuzibeba. Nunua ndogo."

Tukapanda basi kwenda mji mkuu, barabara ya Donceles, kwenye maduka ya kamera yaliyobanana na maduka ya vitabu vikuukuu. Amparo alikuja kwa sababu anasema nikienda peke yangu narudi na vitu. Kufika kule miguu yake ilikuwa imevimba kama mikate. Duka la kwanza lenye kiti ndilo tuliloingia. Hiyo ndiyo siri ya namna wataalamu tunavyochagua duka.

Muuzaji alikuwa mwanamke aitwaye Noemí, macho mazito, mkate wa nyama umefichwa nusu chini ya kaunta.

"Unatafuta ya nini, don?" akaniuliza kwa heshima.

"Ya kila siku. Ndogo. Nikiivaa asubuhi nisahau kama nimeivaa."

"Kila anayeingia anataka hiyo," Noemí akasema akitafuna. "Kisha wanaondoka na kubwa, waonekane."

"Mimi nimeshaonekana vya kutosha, dada yangu."

Akatandaza kitambaa, akapanga lenzi. Akaanza na ile ya kuvuta, inayosogeza vitu mbali na karibu kwa kuzungusha. Nikaipima kwa mkono. Bega likaguna kabla yangu. Akairudisha bila kuniuliza.

Ya pili ilikuwa bapa kama biskuti, ya milimita ishirini na nane. Niliipenda kwa macho. Nikamlenga Amparo pale alipokaa, na kwenye skrini nikampata Amparo, makabati yote ya duka, feni ya darini na ule mkate wa Noemí.

"Inaona kwa upana," Noemí akasema. "Sogea karibu naye."

Nikasogea mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Nikapiga. Amparo akaomba aone.

"Hii pua ni ya nani?"

"Yako, mpenzi."

"Yangu nimekuja nayo ndogo. Mrudishie mwenyewe kitu chake."

Ya tatu, milimita hamsini. Hiyo tamu, sikatai. Inafuta kilicho nyuma ya mtu kama mvuke wa kahawa. Ila inakutaka urudi nyuma. Nikarudi hatua, nikarudi tena, nikatoka mlangoni bado naangalia skrini, nikamkanyaga mpiga kinanda cha kuzungusha aliyekuwa amesimama kwenye kijia. Hakukosa hata noti moja. Aliendelea kuzungusha kwa mkono huu, na kwa mkono wa pili akaninyooshea kofia.

"Chini ya turubai, kwenye viti na meza, utarudi nyuma mpaka wapi?" Amparo akaniuliza nilipoingia. "Mpaka kwenye chungu cha mchuzi wa mole?"

"Ipo nyingine," Noemí akasema. Alikuwa anaanza kuchoka nasi, na sisi tulikuwa tumechoka tangu basi. Akatoa lenzi bapa nyingine, nene kidogo kuliko biskuti ya kwanza. "Arobaini. Wengi wanairuka. Haipanui kitu, wala haifuti. Haina maringo."

Nikaifunga. Nikanyanyua kamera nikiwa pale pale nilipokuwa, sikusogea mbele wala nyuma. Na Amparo alikuwa pale, kiatu kimoja amekivua, anajikanda unyayo, hanitazami mimi, anatazama mlango kama mtu anayehesabu njia ya kurudi nyumbani. Ndivyo ninavyomwona kila asubuhi kutoka upande wangu wa meza, kahawa ikichemka. Hakusogezwa. Hakupambwa. Sikubonyeza. Nilishusha kamera nikamtazama kwa macho matupu, nikainyanyua tena. Yule yule.

Utaalamu wangu ukaniambia papo hapo: ndiyo hii. Niliichagua mwenyewe, bila msaada wa mtu. Ni kweli Amparo aliishika akaitia kwenye pochi yake pamoja na kamera, akavuta zipu ikafunga, akasema, "Inaingia. Tunaondoka nayo." Lakini hiyo ilikuwa baada ya mimi kuamua moyoni.

"Ila don," Noemí akaniambia akiifunga, "hii haivuti. Ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha, miguu yako ndiyo itavuta."

"Miguu yangu ilistaafu kabla yangu, dada."

"Basi azima ya mtu," akasema, akarudi kwenye mkate wake.

Kwenye basi nililala. Nilipozinduka karibu na kituo, Amparo alikuwa ameishika kamera dirishani, anapiga volkano, anapiga kisogo cha dereva, anapiga kila kitu.

"Utamaliza betri!"

"Lala, mzee. Bado kuna kona."

Siku ya sherehe nilianza vizuri. Misa nilipiga nimeegemea nguzo ya kanisa. Bustanini nilimpiga Yaretzi na wavulana wake wasindikizaji, wamevaa mikanda inayong'aa na wote wanakanyaga pindo la gauni. Kamera shingoni haikuwa nzito kuliko tasbihi. Lakini jua lilikuwa jua, na mtaa kutoka bustanini hadi kwa Maricruz unapanda kilima, na mimi sipandi tena kilima. Kilima hunipanda mimi. Nilipofika chini ya turubai walilolitandaza mtaani nilikuwa naona nyota mchana.

Sasa mpiga picha wa sherehe ana sheria yake: hakai, hali, mpaka densi iishe. Ukikaa mwili unajua umekaa. Hiyo sheria sijaivunja katika kazi yangu yote. Ila mara zote hizo nilikuwa mpiga picha tu. Sikuwahi kuwa mpiga picha na papo hapo msimamizi wa ubatizo, mwenye kiti chake meza kuu chenye utepe.

"Kompadre, hujala!" Maricruz akanijia, sahani mkononi, kuku amezama kwenye mole mpaka shingoni.

"Baada ya densi, komadre."

"Baada ya densi itakuwa imepoa."

"Nitaila baridi."

"Nimesaga pilipili hii tangu juzi na dada zangu," akasema kwa sauti ya upole, ile sauti mbaya. "Kama haikufai sema tu, nimpe mbwa."

Nikakaa. Nikala. Nikamaliza, na kwetu sahani iliyomalizwa ni ombi, kwa hiyo ikaja ya pili, na wali, na kikapu cha chapati za mahindi zilizofunikwa kitambaa, za moto. Kiti kilikuwa na mto. Kwa nini watu huweka mito kwenye viti, sijui.

Muziki ukabadilika. Yaretzi akatoka katikati peke yake. Kwa desturi densi ya kwanza ni ya binti na baba. Yeye alinyanyua simu mbele ya uso wake kwa mikono miwili, na kwenye skrini alikuwa Gonzalo, amevaa kofia ya jikoni, amesimama stoo kati ya magunia ya viazi. Msichana akaanza kuzunguka na baba yake mikononi.

Na hapa msomaji anishike mkono, maana niliyoyatenda mimi mwenyewe huwa napata shida kuyaamini.

Upepo ukashuka kutoka volkano ya Popocatépetl. Upepo mmoja tu, lakini wenye nia. Nguzo ya turubai, ile ya upande wa keki, ikang'oka. Hakuna aliyeiona ila mimi. Nikaruka kutoka meza kuu, nikaikamata nguzo kwa mkono wa kushoto. Turubai likajaa upepo likaninyanyua, miguu ikaacha ardhi, nikaning'inia hewani kama nguo kwenye kamba. Mtu mwingine angepiga mayowe, densi ikavunjika, msichana akalia. Mimi nilifunga mdomo. Kwa mkono wa kulia, mkono mmoja, nikanyanyua kamera. Hapo ndipo mtajua maana ya kuchagua lenzi! Kwa ile ya mtungi wa gesi ningekuwa marehemu. Kwa hii bapa nikalenga, nikangoja azunguke anielekee, nikabonyeza. Mara moja. Upepo ukaisha, nikatua, nikaikita nguzo ardhini, nikarudi kwenye sahani yangu kama mtu aliyetoka kunawa.

Picha yenyewe ipo, haina ubishi. Yaretzi amefumba macho. Paji la uso limegusa simu. Kando ya vidole vyake unaona uso mdogo wa Gonzalo unaong'aa, na nyuma yao bibi amekunja leso mdomoni. Ukiitazama unahisi ungenyoosha mkono ungeligusa bega la yule mtoto.

Jumapili iliyofuata tulikutana kwa Maricruz kula pamoja. Picha ilikuwa imeshasafishwa, kubwa, imesimamishwa juu ya kabati. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye bakuli la pilipili, na Gonzalo ndani yake, mapumzikoni, na yeye pia picha ameshaipata kule.

"Baba Fide," Yaretzi akasema, "tuambie ulivyoipiga."

Nikawaambia. Niliwaambia vizuri kuliko nilivyoandika hapa. Nilisimama kabisa, nikaonyesha kwa fagio. Mashangazi walijishika vifua. Nilipomaliza Gonzalo alikohoa.

"Kompadre, huo mkono wa kushoto ndio ulioshika nguzo?"

"Huu huu."

"Na ulikuwa juu, unaning'inia."

"Juu kabisa. Niliona utosi wa kila mtu."

"Ajabu. Kwa sababu picha hii imepigwa kutoka chini ya kidevu cha Yaretzi. Kama mtu mfupi."

"Lenzi hizi za kisasa, Gonzalo..."

"Kompadre, mimi wakati wa densi nilikuwa wapi?"

"New York, bwana. Stoo."

"Nilikuwa kwenye simu. Simu ilikuwa mkononi mwa Yaretzi. Na Yaretzi alikuwa anazunguka."

Sikuona mwisho wa maneno hayo upesi. Yaretzi aliuona, akaziba mdomo kwa viganja.

"Mzunguko wa kwanza," Gonzalo akasema, "nyuma ya mwanangu nikaona keki. Nikaona meza kuu. Nikakuona wewe, kidevu kifuani. Nikasema, kompadre anasali. Tukazunguka tena, mdomo umefunguka. Tukazunguka tena, komadre Amparo anakuvua kamera shingoni, polepole, kama anavyovuliwa viatu mtoto aliyelala. Baada ya hapo kila tukizunguka naye yuko karibu zaidi. Hakuna aliyemjali, mwanamke mfupi mwenye kijikamera. Mwisho alikuwa karibu mpaka nikadhani anataka kuniambia siri."

Meza nzima ikalipuka. Shangazi mmoja alitoka nje kwenda kucheka vizuri.

"Na nguzo?" Yaretzi akauliza.

"Nguzo... iliyumba kidogo."

"Nguzo ile ilifungwa kwenye lori la kaka yangu," Maricruz akasema. "Ili ing'oke ingebidi lori liruke pia."

Nikamgeukia Amparo. Alikuwa anatoa vikonyo vya pilipili, hajanyanyua uso. Juma zima nilikuwa nimeihadithia ile nguzo kwa kinyozi, kwa mwoka mikate, kwa padri, na yeye amekaa pembeni.

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umechoka," akasema.

Nikaliegemeza fagio ukutani.

"Nimeitundika juu ya kitanda," Gonzalo akasema, na sauti yake ilikuwa imeacha mzaha. "Narudi kazini usiku nikiwa sina miguu, naitazama, na mimi nipo pale, hatua moja kutoka kwa mwanangu. Sijali kompadre alilala. Nilitaka tu kujua kwa hakika nimshukuru nani. Asante, komadre Amparo."

"Alicheza vizuri," Amparo akasema, akavuta kikonyo kingine. "Nilisogea tu."

Bibi akapangusa macho. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kujishusha kitini taratibu. Lakini Maricruz alikuwa ananitazama kwa ule upole wake.

"Mtoto wa kaka yangu anabatizwa Jumamosi," akasema. "Mama wa picha tumeshampata, naona. Bado hatuna baba wa viti."

"Viti vya nini?"

"Vya wageni. Kuvikodi, kuvileta, kuvipanga, kuvirudisha."

"Mpe kompadre!" Gonzalo akapiga kelele kutoka kwenye bakuli la pilipili. "Hakuna anayevijua viti kama yeye!"

Mikono yote ikanyanyuka, ya Yaretzi ikiwa ya kwanza, yote miwili.

Kwa hiyo Jumamosi ilinikuta napanda kile kilima na viti vya chuma, viwili bega hili, viwili bega lile lililoshuka, narudi, nabeba vingine. Amparo alikuwa tayari mlangoni pa turubai, kamera kifuani juu ya aproni, anapiga watu wanavyowasili. Alipoona nimesimama napumua akashusha kamera.

"Hicho kimoja kiweke hapa kivulini," akaniambia chini chini, "ukae kidogo."

"Asikae!" Maricruz akaita kutoka jikoni.

Nikakiweka pale kivulini, nikamwachia bibi, nikashuka kilima kufuata vingine.